Halvor Tveit, Aliyelifuata Jua Hadi Angani

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani, na ninyi mliopita katika theluji hii kutoka mbali, mimi ni Arne, mdogo wake marehemu, muuza matrekta niliyezunguka nchi thelathini na moja na kupotea katika zote, na familia imenipa kazi hii kwa kuwa nina sauti kubwa kuliko akili.

Kaka yetu Halvor alizaliwa tarehe 4 Machi 1936 katika shamba letu la ng'ombe hapa Montana, mtoto wa kwanza wa Sverre na Ragna Tveit, akamaliza sekondari mwaka 1954, akaenda Colorado kusomea fizikia, na mwaka 1963 akapata shahada ya uzamivu kwa utafiti wake juu ya jua. Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Lorna Whitcomb, mwalimu, wakajaliwa watoto wawili, Kirsten na Dale.

Alifanya kazi katika kituo cha kutazama jua mlimani New Mexico, ambako kila asubuhi alichora kwa penseli madoa ya jua jinsi darubini ilivyoyaangusha karatasini, na siku moja nilipomwambia, "Kaka, si jua lile lile la jana?" akanijibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo maana wewe unauza matrekta."

Mwaka 1977 alichaguliwa kwenda angani na darubini yake, akasubiri miaka saba, akaruka tarehe 12 Septemba 1984 akiwa na miaka arobaini na minane. Kabla ya safari kila mwanaanga hujaza fomu kusema kama msiba ukitokea nyumbani aambiwe huko huko juu au asubiri mpaka atue, naye aliandika aambiwe siku hiyo hiyo, na mtu wa kumwambia niwe mimi.

Mama yetu alifariki siku ya tatu ya safari, moyo ukamsimama jikoni, nami nikapelekwa kwenye redio, lakini kabla sijafungua kinywa nikasikia, "Arne! Limetulia! Siku tatu jua linaiponyoka darubini, sasa limetulia katikati, bwana mdogo, naliona mpaka nyuzi zake!" Kisha akauliza, "Mama hajambo?" Nikasema, "Anakusalimu."

Alitua tarehe 20, siku moja baada ya mazishi, nikamwambia habari za mama katika ukumbi wa mapokezi, akanitazama, akasema, "Nilikuandika wewe," akaondoka, na kwa miaka ishirini na sita tulikula Krismasi meza moja tukizungumza habari za mvua na bei ya nyasi.

Machi mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya damu, akatibiwa hospitalini mjini Billings, na Januari hii, nikiwa nimekaa kando ya kitanda chake, akasema, "Nilijua, Arne. Siku ile hukunitania hata kidogo, na wewe hunyamazi hata kanisani. Nilijua mama amekufa, nikazima redio, nikarudi kwenye darubini, na siku tano zile zilikuwa tamu kuliko zote maishani mwangu. Sikuwa nimekukasirikia wewe." Kisha akaniuliza, "Unadhani mama alinisamehe?" nami, mjinga wa kuzaliwa, nikaanza mzaha kuhusu supu ya hospitali.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari 2011, saa nne na robo asubuhi, Lorna akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolisha ng'ombe wetu wiki zote hizi, na wenzake wa kazini, ambao tangu juzi wamekuwa wakiniuliza penseli zake ziko wapi.

Kaka, nimechelewa kukujibu, kama kawaida yangu. Asubuhi ya siku aliyofariki, mama alitoka uani na aproni yake, akakupungia mkono angani, upande ambao chombo chenu hakikuwapo, akacheka, akarudi ndani. Hakuwa na cha kukusamehe. Pumzika sasa, Halvor, na amani iwe nawe.