Kafedha Mramba Hakuwa Mvivu

Dada yetu Kafedha Mramba, tunayemlaza leo hapa Magogoni kwa baba yake, alizaliwa hapa hapa tarehe 12 Machi 1914, mtoto wa tatu wa Mzee Mramba Kalama na Mama Kahaso. Alichelewa kutembea, na alipoanza alikuwa akiyumba.

Alisoma shule ya misheni, Kisauni, kuanzia 1923 hadi darasa la nne. Watoto walimfuata njiani wakiuiga mwendo wake. Siku moja aligeuka akawaambia, "Mnakosea. Nyonga kwanza, mguu baadaye," akawafundisha mpaka wakachoka wenyewe. Wawili kati yao walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake asubuhi hii.

Mwaka 1931 aliajiriwa Changamwe kushona magunia. Ilikuwa kazi ya kukaa, na mshono wake haukufumuka. Hakuna aliyemwita mvivu huko.

Tarehe 5 Septemba 1936 alifunga ndoa na Bwana Garama Randu wa Likoni. Aliacha magunia, akakabidhiwa shamba na kisima kilichokuwa chini ya mteremko. Mwaka 1938 alimzaa Nyevu. Baada ya uzazi ule nyonga ya kushoto ilianza kumuuma, na mara kwa mara mguu ulimponyoka akitembea.

Mwaka 1943 alipigwa eksirei katika hospitali moja. Daktari alichora juu ya picha mstari wa kupanda kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, na mwingine kutoka hapo hadi ukingo wa tundu la nyonga, akapima pembe iliyo kati. Ilikuwa digrii ishirini na tatu. Chini ya ishirini huhesabiwa kasoro, na kuanzia ishirini na tano uzima. Yake ilikuwa katikati, naye akasema nyonga ni imara. Bwana Garama alilichukua neno hilo akalitembeza Likoni nzima, kwamba mkewe hana ugonjwa ila uvivu. Mbele ya wazazi wake mwenyewe alimwambia mkewe, "Mama Nyevu, eksirei haisemi uongo. Shika debe."

Marehemu akamjibu, "Ilinipiga nimelala, Baba Nyevu. Kisimani nako niende nimelala?"

Wakwe walicheka. Debe alilishika.

Mwaka 1946 nduguye mkubwa, Kalama, alimpeleka kwa daktari wa jeshi, Port Reitz. Huyo aliitazama picha ya kwanza akaona kwamba marehemu alikuwa amelala upande kwa ajili ya maumivu, kiuno kikainama, na pembe ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Alimpiga nyingine akiwa amesimama kwa mguu ule mbovu. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimesogea nje, na pembe ilikuwa digrii kumi na sita. Alieleza kwamba nyonga yenye kasoro ndogo haihukumiwi kwa kipimo kimoja. Lazima ionekane kama inahama ikibebeshwa mwili, na mgonjwa mwenyewe asikilizwe. Akamkataza kubeba maji. Bwana Garama aliambiwa yote haya na Kalama, uso kwa uso. Alisema daktari wa kwanza alimtosha.

Tarehe 9 Juni 1948, mvua ikinyesha, nyonga ilihama akiwa kwenye mteremko na debe kichwani. Alianguka, akavunjika paja. Mumewe alimwacha sakafuni mpaka kesho yake, akisema ataamka akichoka kujifanya. Tulimchukua sisi. Kifua kilimbana, na tarehe 27 Juni akafariki nyumbani kwa Kalama.

Juzi Bwana Garama alikuja kudai mwili, kwa kuwa desturi yetu ni mke kuzikwa kwa mumewe. Kalama alimjibu, "Shemeji, debe lako liko kwako. Huyu ni wetu."

Marehemu ameacha mama, Kahaso, kaka, Kalama, na binti, Nyevu, ambaye naye anayumba akitembea na ambaye hatavuka kwenda Likoni. Mume hatukumwandika kati ya walioachwa, wala hatukumsahau. Yuko hapa, amesimama nyuma, na tumeomba wasifu huu usomwe kwa sauti ya kumfikia.

Mungu ampe dada yetu pumziko alilonyimwa, na amani ikae naye. Aliyemnyima, hatumwombei.