Hatua ya Nane

Jirani yangu Suzana anadai kwamba mashine ya kusaga ya Mabatini ilizima, ikawashinda mafundi wawili, akaja msichana wa chuo cha ufundi, akaisikiliza mara moja tu na kushika palepale palipoharibika. Suzana huongeza chumvi, sikumwamini. Lakini leo kwenye kivuko cha Kamanga nimeketi nyuma ya mama wa msichana huyo. Alikuwa amembana mwalimu asiyemjua, kwa kuona tu jina la chuo kwenye koti lake.

"Agutu wangu, aliyeiponya mashine ya Mabatini, mmemfelisha mara mbili," alisema. "Safari hii mnamfukuza, na vidole vile vitapaa magamba ya sangara kiwandani hadi vizeeke."

"Mama, swali linataka hatua kumi za kutafuta ubovu. Yeye kaandika ya nane peke yake."

"Si ndiyo inayofika penye ubovu?"

"Ndiyo. Kapata alama moja kati ya kumi."

"Na waliokariri zote?"

"Wamefaulu." Mwalimu akacheka bila furaha. "Mmoja nilimpa injini mbovu, akaishia kuifuta vumbi."

Mimi niliyeishia darasa la saba nilidhani chuoni wanatafuta mafundi.

Kivuko kikagusa gati. Mama akamshika mkono. "Mwalimu, baba, nakuomba. Mpeni injini, karatasi iacheni. Utawaambia wenzako?"

Mwalimu alitazama magari yakishuka, akafungua vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akalivua na kulikunja, jina la chuo likabaki ndani.