Marehemu Dagane Hirsi na Amplifaya ya Msikiti

Habari ilifika Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, na aliyepelekewa hakuisikia. Mahat Hirsi, mdogo wa marehemu, alikuwa dukani kwake mjini Garissa akimjaribishia mteja spika mpya. Simu yake ililia mara tano juu ya kaunta bila yeye kujua. Mwishowe jirani yake Yakub aliingia, hakutoa hata salamu, akang'oa plagi ukutani. Duka lote likanyamaza.

"Walaal, ndugu yangu, shemeji yako Nurto anakutafuta kutoka hospitali," alisema Yakub. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaka yako ametangulia."

Mahat ndiye aliyeombwa na familia kuandika maelezo haya na kuyasoma leo, siku ya tatu ya maombolezo. Yameandikwa kwa Kiswahili ili mafundi waliofanya kazi na marehemu, waliosafiri kutoka Mwingi na Thika, nao wasikie.

Dagane Hirsi Abdille alizaliwa Balambala mwaka 1969, mtoto wa kwanza wa Mzee Hirsi Abdille na Mama Osob. Mama haukumbuki mwezi, ila anakumbuka kuwa Tana ilikuwa imejaa na mbuzi wengi walizaa pacha. Mwaka 1975 familia ilihamia Garissa, na mwaka 1978 Mzee Hirsi akawa muadhini wa msikiti wa mtaa wao. Mwaka huohuo wazee wa msikiti walinunua amplifaya kubwa ya taa za kioo, nzito kiasi cha kubebwa na watu wawili. Kila alfajiri Dagane alisimama nyuma ya baba yake kuzitazama taa zile zikigeuka nyekundu polepole, kwa maana sauti haikutoka mpaka zipate moto. Alisema maisha yake yote kwamba hapo ndipo alipojifunza subira.

Alifanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985 na kufaulu vizuri. Hakwenda sekondari. Alijifunza umeme katika chuo cha ufundi kwa miaka miwili, na mwaka 1989 akafungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na Soko Mugdi. Mahat alisoma mpaka kidato cha nne kwa jasho la kibanda hicho. Kila neno lililoandikwa kwenye karatasi hii limelipiwa na Dagane.

Ijumaa ya tarehe 14 Juni 1996 alimuoa Nurto Salad. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kununua amplifaya kuukuu na kuzifufua. Hakununua kwa pupa. Alikipindua chombo, akakagua lehemu kuona kama fundi mwingine amekiingia, kisha akaweka pua juu ya transfoma na kunusa kwa muda mrefu, kwa sababu transfoma iliyoungua haifichi harufu yake. Akiridhika, alikichomeka kupitia balbu ya wati mia. Balbu ikiwaka kwa nguvu, chombo ni kibovu. Ikififia, ni kizima. Wakati mwingine alimaliza siku tatu bila kuamua.

"Mimi hukuninusa hata mara moja," Nurto alimwambia siku moja mbele ya wageni.

"Wewe ulikuja na dhamana ya baba yako," alijibu Dagane, na wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Mzee Hirsi alifariki mwaka 2009, na amplifaya yake ikawekwa stoo ya msikiti. Aprili 2016 amplifaya iliyoifuata ilikuwa ikikorofisha, na kamati iliamua kuiuza ile ya zamani. Dagane alikwenda kuiona mara nne. Mahat, aliyekuwa ameanza kuuza spika mpya, aliongozana naye mara ya mwisho.

"Hii ni jiwe," Mahat alimwambia. "Taa zake hazipatikani. Unaitaka kwa sababu ilikuwa ya baba yetu tu."

"Nikiinunua kwa sababu ya Aabo nitakuwa mjinga," alisema Dagane. Alikuwa amepiga magoti, pua yake ndani ya sanduku. "Kapasita zimekauka, hizo nitabadilisha. Taa moja imekufa, nitaitafuta. Lakini transfoma ni nzima, walaal. Hii naichukua."

Aliichukua kwa kutoa mtamba wake mmoja. Aliahidi mbele ya mwenyekiti wa kamati, Mzee Yarow, kwamba Ramadhani ile adhana ingetoka tena kwenye chombo cha baba yake. Kisha akapanda basi kwenda Nairobi kutafuta kapasita, akamwachia Mahat funguo za kibanda na neno moja: "Usiichomeke ukutani. Imelala miaka saba. Huamshwa polepole."

Siku ya pili Mahat alifungua kibanda akiwa peke yake. Alijua kwamba amplifaya ile ikiwa imekufa, kamati itanunua mpya, na mpya zilikuwa dukani kwake. Alitaka tu kujua. Hakuitafuta balbu. Aliichomeka moja kwa moja ukutani. Ilinguruma, ikatoa harufu kama ya mpira unaoungua, moshi ukapanda. Alichomoa, akafungua madirisha, akaipepea kwa kikoi mpaka moshi ukaisha. Kisha akafunga kufuli na kwenda kuswali Adhuhuri.

Dagane aliporudi aliinama juu ya chombo, akanusa, akakaa hivyo muda mrefu. Aliichomeka kupitia balbu. Balbu ikawaka kwa nguvu zake zote. Hakumuuliza Mahat lolote. Baada ya swala ya Ijumaa alisimama mbele ya kamati akasema, "Nimekosea. Transfoma imeungua. Niliinusa vibaya."

Kamati ilinunua amplifaya mpya kwa Mahat.

Mtaa haukumwacha Dagane. Alipoketi hotelini walimsogezea sahani: "Fundi, hebu nusa hii sambusa, imeungua?" Alikuwa akiinusa kweli, akasema bado nzima, akaila. Lakini misikiti ya Ijara na Dadaab iliyokuwa ikimletea vyombo vyake ilianza kupeleka kwingine. Mahat aliyasikia masihara yale akiwa meza ya pili, na mara nyingine alicheka pamoja nao.

Mwaka 2021 madaktari waligundua figo za Dagane zimechoka. Tangu 2023 alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hakulalamika ila juu ya kelele za mashine, ambayo alisema feni yake inahitaji grisi. Jumatatu ya tarehe 20 Januari mwaka huu Mahat aliketi kando ya kitanda chake akaanza kusema, akashindwa.

"Ni ile amplifaya," alisema Dagane.

"Ulijua?"

"Harufu ya jana na harufu ya miaka saba si moja. Nilijua siku ileile."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilingoja useme wewe." Alifumba macho, Mahat akadhani amelala. Kisha akasema, "Mimi nilikusamehe zamani. Lakini nilisimama mbele ya Mzee Yarow nikasema neno lisilo la kweli, msikitini, kwa ajili yako. Hilo linanisumbua. Nenda ukalinyooshe kabla sijaondoka."

Mahat aliahidi kuwa atalisema Ijumaa. Ijumaa tatu zikapita. Kila mara Mzee Yarow alikuwa pale, hatua kumi kutoka kwake, na kila mara Mahat alivaa viatu vyake akaenda dukani.

Marehemu amemwacha mama yake, Osob. Mjane wake, Nurto. Watoto wake Ayan, Ruweyda na Yunis. Dada yake, Kaaha. Na mdogo wake, Mahat. Amplifaya bado iko kibandani, imefunikwa kwa shuka.

Alizikwa Jumanne hiyohiyo baada ya swala ya Alasiri. Mahat na Yunis waliingia kaburini wakampokea, wakamlaza ubavu wake wa kulia, wakamwelekeza kibla. Kabla ya udongo, Mahat alisimama, kama ilivyo desturi, akatangaza kwamba yeyote aliyekosewa na Dagane amsamehe. Ndipo Mzee Yarow akainua mkono, akasema kwa sauti ya upole, "Ile amplifaya tumemsamehe." Wengine wakaitikia, "Tumemsamehe."

Mahat alisikia, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akatia mara tatu.

Leo, mbele ya mama yake na mbele ya Mzee Yarow, anasema. Dagane hakuinusa vibaya. Transfoma ilikuwa nzima, na aliyeiunguza ni huyu anayewasomea. Msamaha mlioutoa juu ya kaburi lile haukuwa wa marehemu, yeye hakuwakosea. Mwenye haja nao amesimama hapa, na hajui kama anastahili kuuomba.

Mwenyezi Mungu alipanue kaburi la Dagane, alitie nuru, na ampe pumziko ambalo mdogo wake alimnyima.