Aliyesimama Kwenye Madirisha ya Maduka

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda hiki cha uchapaji, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi mafundi mitambo mliokunywa chai na mume wangu mara nyingi kuliko mimi: nawasalimu nyote.

Leo mnamuaga mume wangu Chapuchapu, anayestaafu. Jina hilo mlimpa nyinyi kwa mwendo wake. Mimi nikitoka naye, miaka yote nilikuwa nauona mgongo tu. Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo akianza kuchelewa kurudi nyumbani, shati limelowa jasho na jua halipo, mke afikiri nini? Nilimuuliza, akasema kazi zimebana. Nikampigia msimamizi wake kwa hila, nikaambiwa ametoka mapema.

Jioni moja nikajitanda mtandio, nikamvizia kwenye lango la kiwanda, nikamfuata. Akasimama mbele ya duka la viatu vya kike, akatazama weee. Akasogea kidogo, akasimama kwenye duka la manukato, kisha la vito. Ndugu zangu, mwanamume asiyejua mguu wangu ni namba ngapi, anamchagulia nani? Nikamwendea, nikamshika bega.

"Unamnunulia nani viatu?"

Akageuka, uso umempauka, kiganja kifuani. "Viatu gani, mke wangu? Natafuta pa kusimama watu wasinishangae."

Ndipo akayatoa yote. Akitembea, kifua kinabana kana kwamba kimefungwa mkanda, maumivu yanapanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, akipumzika, yanaachia. Yeye alijiambia ni gesi. Wivu wangu ukayeyuka, ikabaki hofu. Hospitali wakakuta mishipa ya moyo imeziba, mmoja umebakiwa na upenyo wa sindano. Wakaizibua, na ndiyo maana leo mnamuaga kwa zawadi, si kwa sanda. Daktari akanionya kwamba wengine hawabanwi kifua kabisa: huchoka tu bila sababu, au huishiwa pumzi kwenye ngazi.

Tangu hapo simwamini mtu wa kusimamasimama. Mheshimiwa Mkurugenzi, uniwie radhi mbele ya watu wako. Tumepanda ngazi pamoja kuja ukumbini humu. Umesimama mara mbili, ukaweka simu sikioni. Simu ile haikuita, wala hukusema neno. Mama wa watoto wako yule pale, nimeshamnong'oneza. Kesho asubuhi tunakupitia twende hospitali: yeye, mimi na Chapuchapu.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Asanteni.