Gregory Maganga na Dakika Zilizokatwa

Baada ya miaka ishirini na sita ya kutuonyesha filamu, Mzee Gregory Maganga anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza hapa kambini mgodini kama mtunza stoo, akahamishiwa ukumbi wa burudani kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kuunganisha deki na spika bila kupigwa shoti, akabaki humo mpaka mvi zikamkuta. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Wapo wenye vyeti walioitaka nafasi hii. Lakini mimi nimefanya naye kazi ukumbini miaka minane na wao wamekaa kwenye viti tu, kwa hiyo sioni haja ya kubishana.

Kwa wageni mliotoka Shinyanga na Kahama kuja kula ubwabwa wetu: ukumbi ni lile banda la bati karibu na bwalo. Jumamosi ni ya watu wazima, Jumapili mchana ni ya familia. Mzee Gregory hajawahi kuweka filamu ambayo hajaiangalia mwenyewe. Kila Ijumaa alijifungia na chupa ya chai, akaitazama tangu mwanzo mpaka majina ya mwisho. Ukimwuliza anajisumbua nini wakati kasha limeandikwa umri wa watazamaji, alikujibu, "Aliyeandika hiyo namba hamjui mtoto wa Mama Mbuke."

Chombo chake cha kazi kilikuwa kofia. Jumapili, mambo ya chumbani yanapokaribia, aliivua akaziba lenzi ya projekta, yakipita akaivaa tena. Watoto wakazoea kuifuata hadithi kwa kofia: ikivuliwa, mchumba amefika. Siku moja Mama Mbuke, mpishi wetu, alilalamika kwamba kofia imekaa mno na hajui tena muuaji ni nani. "Ni yule mwenye masharubu, mama," Mzee alimwambia. "Kaa kitako." Jumamosi kofia haikutoka kichwani, litokee la kutokea. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na vijana waliiheshimu kuliko zile zilizobandikwa getini.

Sasa tuje kwenye vita vya mashine. Mwaka 2018 kamati ya ustawi ilinunua mashine ya Blu-ray. Mwezi haujaisha, mhandisi mmoja mgeni akamaliza mkataba wake, akatuachia mashine yake ya zamani ya HD DVD pamoja na sanduku la diski. Diski zenyewe ukizishika zinafanana kama mapacha, ila ya huku haisomeki kule. HD DVD ilikuwa imeshaachwa kutengenezwa hata huko kwao, lakini kambini kwetu ikapata maisha mapya. Watu wakagawanyika kama Simba na Yanga. Wengi waliobishana kwa nguvu walikuwa na redio tu nyumbani kwao.

Ugomvi wenyewe ulizuka ilipogundulika kwamba filamu moja tunayo kwenye mashine zote mbili. Ilihusu wachimbaji wa makaa ya mawe. Kasha la Blu-ray lilikuwa na namba ya umri, maana yake filamu ilipita kwa wakaguzi ikapunguzwa. Kasha la HD DVD halikuwa na namba yoyote. Liliandikwa tu kwamba hii ndiyo nzima, ina dakika kumi na moja ambazo majumba ya sinema hayakuzionyesha. Mzee Gregory akaweka iliyokatwa. Na ilikuwa Jumamosi.

"Dakika kumi na moja," alisema Amosi, dereva wa malori ya mawe na mwenyekiti wa kamati ya ustawi. "Hizo si za kupeana shikamoo."

Mabachela nao walikuwa wameshajijazia wenyewe kilichomo. Wakamwomba Mzee kwa upole, kisha kwa matani, kisha kwa hasira. Jibu lilikuwa lile lile: "Hiyo nyingine siiweki." Ukitaka sababu, alianza kupangusa lenzi.

Amosi akaitisha kikao. Hoja ilikuwa Mzee atolewe ukumbini apelekwe dobi kufua maovaroli, ukumbi apewe mtu anayejua kwamba watu wazima ni watu wazima. Wala haukuwa utani, maana utawala ulishasema utafuata kura ya wafanyakazi. Mimi nilikaa katikati, sehemu ambayo soda zikigawiwa hazikupiti.

"Mzee, hatukudharau," Amosi alianza. "Lakini umetufanya chekechea. Humu kuna watu wana wajukuu."

"Nawajua wote," alisema Mzee Gregory.

"Basi tuambie kuna nini kwenye hiyo diski."

"Kuna filamu."

Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko cha mapenzi. Amosi akasema wanaotaka atoke wanyooshe mikono. Mikono ikaanza kupanda. Sentensi moja tu ingemwokoa, naye hakuitoa. Alikaa na kofia mapajani, anatazama sakafu.

Ndipo akasimama Donatus, fundi wa pampu kutoka Buseresere. Donatus ni mtu ambaye unaweza kumaliza naye zamu nzima usijue sauti yake ikoje.

"Shusheni mikono," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba."

Akaeleza yote. Ile Ijumaa, baada ya kuangalia diski zote mbili, Mzee alimfuata karakana. Akamwambia kwamba ndani ya filamu kuna shimo linaporomoka juu ya mtu. Kwenye Blu-ray udongo ukishuka tu, picha inahamia kwingine. Kwenye HD DVD picha haihami. Mzee akampa achague. Kambi nzima ilijua kwamba mdogo wake Donatus, Valerian, alifukiwa katika duara, shimo la wachimbaji wadogo, mwaka mmoja kabla, na duara likafungwa akiwa humo humo. Donatus aliomba ile nzima isiwekwe. Aliomba pia asiambiwe mtu, hakutaka kuonewa huruma foleni ya chakula. Mzee akamwahidi.

"Mkitaka kuiona, iwekeni," Donatus alimaliza. "Mimi nitakaa nje. Ila Mzee msimguse."

Amosi akavuta kiti. "Kikao kimefungwa," alisema. "Mwenye ajenda nyingine aende nayo kwake." Kesho yake alipita ukumbini akamwambia Mzee, "Shikamoo, Baba Lusia," wakati wamepishana miaka mitatu tu na hakuwahi kumwamkia. Ile diski ikawekwa kabatini, na katika kambi iliyojaa wanaume wasio na kazi za jioni hakuna aliyeiulizia tena. Nimeona dhahabu ikitoka kwenye jiwe, lakini hilo ndilo lililonishangaza.

Mwezi uliopita, habari za kustaafu zilipotangazwa, Donatus alikuja ukumbini mchana, wengine wakiwa zamu.

"Ukiondoka wewe," alimwambia Mzee, "nani atakaa na mimi?"

Mzee hakuuliza anazungumzia nini. Alifungua kabati, akaipangusa vumbi ile mashine ya mhandisi. Mimi nikavuta kiti changu. "Wewe kalinde mlango," akaniambia, "na mdomo wako pia." Wakakaa wawili, mbele kabisa. Nikiwa nje nilisikia kishindo kile cha shimo. Baada yake hapakuwa na muziki wala maneno, ni sepetu tu na kokoto, sepetu na kokoto, muda mrefu mpaka nikachoka kusimama.

Donatus alipotoka, alisimama karibu yangu akakausha uso kwa mkono wa ovaroli. Haya ninayoandika amenipa ruhusa mwenyewe.

"Walichimba mpaka wakamtoa," alisema. "Wakamwosha, wakamzika. Kumbe hicho ndicho kilichokatwa."

Nyuma yake Mzee Gregory alikuwa bado kwenye kiti. Hakuwa ameizima mashine. Walikuwa wameangalia mpaka majina ya mwisho.

Baba Lusia, kwa niaba ya kambi nzima, na kwa niaba ya Amosi ambaye ameniomba nisimtaje, asante. Unarudi nyumbani Ngokolo kwa Mama Lusia, kwenye runinga ambayo nasikia rimoti yake iko mikononi mwa wajukuu, nawe huna kura. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana usio na king'ora, na chai isiyopoa. Na lolote utakalokaa kuliangalia huko, zuri au zito, pembeni yako pasikose mtu.