Mkate Bado: Ombi la Wachezaji wa Tanuri Juu ya Ngazi

Mgeni rasmi, mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu, Meneja wa Uzalishaji, kocha wetu, wake zetu na ndugu zetu mlioacha shughuli zenu, na wewe mama wa stoo uliyetupigia pasi jezi hizi tulizovaa:

MAKARIBISHO

Karibu sana bwaloni. Tumeondoa trei mezani, tumepangusa viti, na fundi wa mitambo ameapa kwamba kiti ulichokalia hakiyumbi. Unga ukikushika kwenye sketi, utuwie radhi. Tumefagia na kufagia tena, lakini unga wa hapa hauna adabu.

Tunajua una mengi kichwani. Bei ya ngano haishikiki, malori yako gereji, na bado wateja wanataka mkate wa moto kila asubuhi. Ungeweza kumtuma mtu akuwakilishe, tusingelalamika, au tungelalamika chinichini. Umekuja mwenyewe. Hilo tumeliona na tunakushukuru.

TULIKOTOKA

Timu hii ilizaliwa pale nyuma, kwenye uwanja wa kushushia magunia. Ringi yetu ya kwanza ilikatwa kwenye pipa la mafuta ya kupikia, na mchomeleaji aliyeifunga ukutani alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, ikakaa upande. Mpaka leo wakongwe wetu hurusha mpira wakielekeza kushoto kidogo, na kocha amesema mpaka amechoka. Tulikuwa tukicheza baada ya zamu ya alfajiri. Lori likiingia tunalipisha lipite, likimaliza kushusha tunaendelea na matokeo tuliyoyaacha, kama kuna aliyeyakumbuka.

Tulipopanda ligi, Mkurugenzi aliyekutangulia alikubali tumsajili mchezaji mmoja kutoka nje ya kiwanda. Ndipo alipokuja huyu tunayemwita Ngazi. Jina lake kamili liko kwenye mkataba. Hili la Ngazi tulimpa siku ileile ya kwanza, taa ya bwalo hili ilipoungua. Tulipokuwa tunabishana nani akaazime ngazi kwa mafundi, yeye aliinyoosha mikono akabadilisha balbu, kisha akarudi kwenye chakula chake.

TULICHOFANIKIWA

Hatujashuka daraja tangu tupande. Msimu huu tumemaliza juu ya timu zenye ukumbi wao na basi lao, sisi tunaosafiri na gari la mikate tukishuka tunanukia hamira. Lakini tungependa kukueleza fanikio moja ambalo halimo kwenye taarifa yoyote uliyoletewa mezani, maana wewe mwenyewe umelishuhudia bila kuambiwa ni nini.

Ulipokuja kuangalia mechi yetu, ulimsikia Ngazi akipiga kelele, "Mkate bado! Mkate bado!" Ukamgeukia kocha ukamuuliza, "Huyu anacheza, au anatangaza biashara?" Kocha alicheka tu kwa sababu alikuwa na wasiwasi na mechi. Leo tunakujibu.

Mgeni rasmi, sisi wote tuliovaa jezi ni watu wa tanuri na wa kukanda. Hapa king'ora cha tanuri kikilia, hakuna cha kungoja. Ukiwa na kijiko mdomoni, unakiacha. Mkate hausubiri mtu amalize hadithi. Tumeishi hivyo miaka mingi, wengine tangu hatujaoa, na miili yetu imezoea.

Sasa, kwenye kumbi kubwa za ligi kuna saa ndogo inayohesabu muda wa kushambulia. Muda ukiisha, inalia. Na inalia vilevile kama tanuri letu, utadhani zilinunuliwa duka moja. Sheria inasema kama mpira ulikuwa tayari hewani na ukagusa ringi, mchezo unaendelea. Sheria tulikuwa tunaijua, ila miguu yetu haikuijua. Mechi yetu ya kwanza ya ligi, saa ililia, mpira ukagonga ringi ukarudi, na sisi tukageuka wote, mmoja ameshaanza kutafuta glavu za kushikia trei. Wapinzani waliuokota mpira wakafunga bila kusukumwa na mtu. Watu jukwaani walicheka hadi refa naye akacheka.

Ngazi peke yake ndiye aliyebaki chini ya ringi. Masikio yake hayajawahi kukaa tanurini, kile king'ora hakimwambii kitu. Ilipolia tena akapiga kelele, "Mkate bado!" Tukasimama palepale. Tukarudi. Tangu siku hiyo hatujafungwa bao la namna ile akiwa uwanjani.

Alipoumia goti, kocha alimwambia mkandaji mmoja apige kelele zilezile. Alipiga hadi sauti ikakauka. Sisi tukaendelea kugeuka, kwa sababu masikio yake ni kama yetu, na mkandaji atajuaje kama mkate umeiva? Tulifungwa mechi zote alizokosa Ngazi.

LINALOTUSUMBUA

Mkataba wa Ngazi umekwisha na msimu. Sasa ni mchezaji huru. Timu ya benki moja ya mji mwingine inamtaka na imemwahidi mshahara mzuri. Dirisha la usajili linafungwa wiki hii.

Nahodha wetu alikuja ofisini kwako kuuliza. Ulimpokea vizuri, ukampa chai, ukamwambia, "Goti lake limeshastaafu kabla yake. Kwa fedha ileile naajiri vijana wawili, asubuhi wanatoa mikate, jioni wanacheza. Wewe ungekuwa mimi ungefanyaje?" Nahodha alirudi, na tulipomuuliza alisema, "Anasema kweli, hilo ndilo tatizo."

Nasi tunakiri kwamba ni kweli. Goti lake linavimba. Mabao yake yamepungua, na kipindi cha mwisho hukimbia kama mtu anayetafuta kiatu kilichomvuka. Hatukusomei risala hii ili tukudanganye. Hoja yetu ni moja. Hao vijana wawili, wawe wazuri namna gani, ukishawaweka tanurini msimu mmoja watakuwa na masikio kama yetu. Tutakuwa tumeongeza watu wawili wa kugeuka.

Kuna pia jambo lingine ambalo tumejadiliana kama tulitie humu. Mkataba ulipokwisha, Ngazi alifua jezi yake, akaipiga pasi, akairudisha stoo ikiwa imekunjwa. Mama wa stoo hakuiweka kabatini. Ameitundika nyuma ya mlango wake, na ukimuuliza anasema kabati limejaa. Sisi tumeliona kabati hilo, halijajaa.

Mke wa Ngazi, ambaye ni fundi cherehani hapa mtaani, tulikutana naye getini. Alituambia, "Akienda, mimi na mtoto tunabaki, shule haihamishiki. Nimeshamwambia aende, kazi ni kazi. Ila msiniulize kama nataka." Hatukumuuliza.

Ngazi mwenyewe ametukataza kuomba. Alisema, "Mtu akiombewa sana, siku akikosa bao watu watamwangalia kama kawaibia." Kwa hiyo, mgeni rasmi, kwa heshima yake, hatuombi. Tunaeleza tu, na tunaeleza kwa moyo wote.

TUNAYOYAELEZA

Tungefurahi Ngazi akipewa mkataba mwingine, hata mfupi. Jezi mpya tulizoahidiwa zisinunuliwe, hizi bado zina uhai. Safari ya mapumziko ya mwisho wa msimu tumeshakubaliana kuiacha, ingawa mpaka sasa kuna mmoja wetu ananuna.

Kama utaratibu haukuruhusu kumlipa mtu kwa kucheza tu, basi apewe kazi hapa kiwandani. Apewe geti, apewe stoo, afundishe watoto wa wafanyakazi mpira wa kikapu jioni, abadilishe balbu zote. Lakini tunakusihi, mama yetu, usimpe kazi ya tanuri. Akikaa pale miezi michache tu, tumemkosa naye.

Na kama ukiona haiwezekani, hatutakununia. Tutakuomba tu umwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, na umwambie kwamba alitufaa. Asijue kwa tangazo la ukutani.

NENO LA MSOMAJI

Mgeni rasmi, kwa kawaida risala yetu husomwa na nahodha. Safari hii wenzangu wameniambia niisome mimi, na nimeruhusiwa kuongeza maneno machache yangu.

Mimi ndiye yule mkandaji aliyepiga kelele ikashindikana. Ni mchezaji wa akiba wa nafasi ya Ngazi. Akiondoka, nafasi ni yangu, na nyumbani wameshaanza kunipongeza. Nisikufiche, naitaka sana. Nimekaa benchi mpaka mbao zake zinanijua. Lakini kila jioni, goti limefungwa bandeji, Ngazi hubaki na mimi pale kwenye magunia ananifundisha namna ya kumnyang'anya nafasi yake. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Ili siku nikitoka, nitoke nimechoka, si nimeachwa." Nafasi hiyo nataka anikabidhi mwenyewe. Sitaki kuikuta tupu.

HITIMISHO

Mkate wa mchana uko tanurini wakati huu, na king'ora kitalia muda si mrefu. Kikilia, safu yote ya wachezaji itanyanyuka na kutoka mbio, na mimi ninayesoma nitaiacha karatasi hii mezani nifuate. Usidhani tumekukosea heshima. Tutarudi tukishatoa trei, na mkate wa kwanza kutoka tutakuletea wewe.

Ngazi yuko hapa. Amekuja na shati lake la nyumbani na kukaa nyuma, kwa kuwa anasema siku hizi yeye ni mgeni. Wewe humjui vizuri kwa sura, uliwahi kumwona kwa mbali tu. Hatutamnyooshea kidole, atatuchukia. King'ora kikilia, angalia nyuma. Sisi sote tutakuwa tumeondoka. Mrefu atakayebaki amekaa huko nyuma ndiye huyo.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe wepesi katika maamuzi yako, na akibariki kila kinachoiva chini ya paa hili.

Ni sisi,
wachezaji wa timu ya mpira wa kikapu ya Tanuri,
pamoja na mmoja ambaye jezi yake iko nyuma ya mlango wa stoo.