Mwalimu Koma na Herufi Isiyotamkwa

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya shule, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu, wanafunzi mliobanana huko nyuma kwa kukosa viti, na wewe wifi yangu, unayemnyoosha mumeo, mstaafu wetu, kola tangu tulipoketi: habari za mchana. Kama kuna niliyemruka, ni kwa woga wa kipaza sauti, si kwa dharau.

Nimeombwa niseme neno kwa sababu mimi ni jirani wa mstaafu wetu. Yeye amefundisha Kiingereza miaka thelathini, mimi nafundisha Kiswahili, na kwa miaka ishirini na moja kati ya darasa langu na lake pamekuwa na ukuta wa mbao nyembamba usiozuia hata chafya. Kwa hiyo ninayosema leo si ya kuhadithiwa.

Wanafunzi, mnamwita Mwalimu Koma, mkidhani hatujui. Jina hilo lilizaliwa kwenye imla. Alikuwa akisoma sentensi, akifika kwenye alama anaitamka kwa nguvu, "Koma!" na watoto wa kidato cha kwanza wanaweka kalamu chini na kukunja mikono, wakidhani wamekatazwa kuandika. Halafu zilikuwapo barua. Nani kati yenu hajaandikishwa barua ya kuomba kazi, anwani juu kulia, tarehe chini yake, mpaka mkono ukafa ganzi? Siku moja nilimsikia mwanafunzi akilalamika, "Mwalimu, huyu meneja hata simjui. Nimwiteje mpendwa?" Akajibiwa, "Mwanangu, hiyo ni hodi tu. Hata kwa mtu usiyempenda, mlango haupigwi teke."

Lakini sifa za namna hiyo kila mwalimu anapewa akistaafu. Mimi nataka kusimulia jambo lililompata miaka kumi na moja iliyopita, na yeye mwenyewe ameniruhusu. Amesema, "Dada, sema. Ila usilie."

Barua ilikuja kwa posta, saa ya chai, tukiwa chumba cha walimu. Mwandishi alikuwa binti aliyemaliza kwetu miaka mitatu nyuma, yule ambaye kalamu nyekundu ilikuwa inapita kwenye daftari lake bila kupata kazi. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi hotelini, na wakabaki wawili. Akaambiwa aigize anavyomuaga mgeni anayeondoka. Akasimama wima, akatabasamu, akanyoosha karatasi, na kwa Kiingereza kilichonyooka kama rula akamwambia mgeni wake: hii hapa risipti yako. Wasaili wakaangua kicheko. Mmoja akamwomba arudie, si kwamba hakusikia, bali apate kucheka tena. Kazi alipewa mwenzake.

"Mwalimu," aliandika, "nimetazama kwenye kamusi. Ile P ya neno receipt inaandikwa lakini haitamkwi. Sikuandikii kukulaumu. Naomba tu wadogo zangu usiwafundishe hivyo."

Nilipomtazama, chai ilikuwa imepoa mbele yake. Nikamuuliza, "Kaka, kuna msiba?" Akanipa barua nisome. Mimi na mdomo wangu usio na breki nikasema, "Si ungeniuliza mimi? Sisi wa Kiswahili tunasema risiti tangu zamani, hiyo P hatukuipokea!"

Hakucheka. Alisema, "Miaka kumi na tisa, dada. Nilifundishwa hivyo, na mimi sikutazama. Watoto wa watu wameniamini, nami nimewapa kitu kibovu." Utani ule naujutia mpaka leo.

Kesho yake upande wa pili wa ukuta kulikuwa kimya. Alikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa wakati ule, na barua aliyoiandika mwenyewe mkononi, akiomba aondolewe darasani apelekwe maktaba. Mama yule aliisoma yote, akamrudishia. Akamwambia, "Barua hii haina kosa hata moja. Anayeandika hivi nimpeleke akafute vumbi kwenye rafu, halafu watoto nimwachie nani? Nenda darasani. Anza na hilo hilo neno."

Akaja. Mimi nilikuwa katikati ya ngeli, nikaiacha, na wanafunzi wangu wakatulia pamoja nami. Tukamsikia akisema, "Nilikosea. Nimewafundisha kosa, na lilimuumiza mtu." Ndugu zangu, mmewahi kusikia mwalimu akiwaambia wanafunzi maneno hayo? Mimi nilikuwa sijasikia. Msichana mmoja akauliza lile ambalo hata mimi nililiogopa: "Sasa mwalimu, yale mengine tutajuaje kama ni sahihi?"

"Hamtajua," alisema. "Tutatazama pamoja."

Tangu siku ile, kila kipindi chake mwanafunzi mmoja anakaa mbele na kamusi, na ana ruhusa ya kumsimamisha mwalimu. Wenyewe wanamwita hakimu. Na wiki nzima ile yeye, wifi yangu na mimi tulikaa kwenye meza yao tukibandika bahasha, kwa sababu aliwaandikia wote aliowafundisha ambao anwani zao zilipatikana. Barua mia mbili na kitu. Ya kwanza ilikwenda kwa yule binti.

Alijibu. Ile kazi ya hotelini hakuipata tena, nisiwadanganye. Aliajiriwa baadaye hospitalini, dirisha la kupokea wagonjwa, na sasa ndiye anayewafunza wapya wa dirisha hilo. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwalimu, nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kosa. Nimelikosa. Mdogo wangu namleta kwako." Na alimleta.

Mimi nami niliona haya, nikaweka hakimu kwenye Kiswahili. Wiki ya kwanza tu nikakamatwa mara mbili. Maneno yenyewe siyataji, mwenyekiti wa bodi ananitazama.

Ijumaa iliyopita kaka yangu alifundisha kipindi chake cha mwisho. Niliegemea ukuta. Katikati ya kusoma, akanyamaza. Nikajua mkono umeinuka. Hakimu, mtoto wa kidato cha pili, akasema, "Mwalimu, hapo si hivyo." Nikasikia kurasa zikifunuliwa. Kisha nikamsikia mzee mzima wa miaka sitini akicheka, kicheko cha mtu aliyeshiba, akisema, "Kweli kabisa. Asante, mwanangu. Haya, wote, rudieni kama alivyosema yeye."

Wakarudia, sauti arobaini. Na yake ilikuwamo humo ndani, ikirudia pamoja nao.

Kaka, kapumzike. Ninyi nyote, nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu.